Mashine ya Kabati la Tatu

Siku ile mliponiaga pale makumbusho mlinipa kitenge, saa ya ukutani na hotuba nyingi, na kila hotuba ilisema kwamba nilikuwa na moyo. Asanteni kwa kitenge. Tulipokuwa tunakusanya sahani, Masika akaniuliza mbele yenu wote kwa nini mashine ya kabati la tatu haina kibandiko, na kama mnaweza kuitoa Jumapili ijayo, kwenye Dimanche ya Familia, mkaizungusha tena, maana anakumbuka duara la mikono tangu akiwa mdogo. Nilimjibu kwamba nitaandika. Sikukwepa swali. Ilibidi kwanza niende Kimemi kumwona baba yake, Kambale, nimwombe ruhusa, kwa sababu jibu ni la kwake kuliko langu.

Alikuwa dukani kwake, katikati ya minyororo na matairi ya baiskeli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Andika, Mama Kahindo. Mi siwezi kumuambia ile maneno kwa kinywa yangu. Mais asome. Na benzake basome, hapana kumuacha nayo peke yake." Basi someni wote. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu nitaanza mwanzo, mtanivumilia.

Niliingia kazini hapa kabla ya vita, nikiwa na diploma ya ualimu na viatu vya kuazima. Makumbusho yalikuwa vyumba viwili nyuma ya shule, paa la mabati, na baridi ya Butembo ikiingia kila upande. Mwanzilishi wake alikuwa Frère Anselme, mtawa mzee wa kule Lubero aliyefundisha fizikia mpaka sauti ikamwisha. Tulikuwa na nyoka ndani ya chupa za alkoli, fuvu la okapi, mawe ya Manguredjipa, vyuma vya wahunzi wa zamani, mizani, sumaku, na darubini ya kutazamia wadudu ambayo lenzi yake moja ilikuwa imepasuka. Kila kitu kilikuwa na karatasi imebandikwa: "Hapana kugusa." Mtu aliyenitangulia alikuwa mpole, ila aliogopa watoto.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzibandua karatasi zile. Frère alinipa kisu, kitambaa na beseni la maji ya moto, akaenda zake kusali. Nilikwangua gundi asubuhi nzima, na moyoni nikajiambia kwamba sikusomea hivi. Aliporudi alipitisha kidole juu ya vioo, akaridhika. "Sasa tunaweza kuanza," akasema. "Mutoto aguse kwanza. Jina ya kitu itakuja nyuma."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote, na wengine mmeipata kwangu mkadhani ni yangu. Jumapili baada ya misa familia zilikuja na nguo zao nzuri, wakulima wa kutoka vilimani, wenye maduka, na walimu na wafanyakazi wa serikali waliotumwa huku kutoka mikoa mingine. Watoto walipanda kwenye tshukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tuliyoifungia mawe, wakajifunza kwa nini gurudumu la mbao linabeba kile ambacho mgongo unakataa. Walipima mawe ndani ya maji. Walivuta misumari kwa sumaku, na ndiyo maana mpaka leo sokoni naitwa Mama Sumaku, hata na watu wenye mvi.

Lakini kitu walichokuja kukitafuta kilikuwa mashine. Ilitoka kwenye simu ya zamani ya kuzungusha, ya shamba moja la kahawa ambalo wenyewe waliondoka. Frère aliifungua, akaacha sumaku zake za umbo la kwato, waya uliosokotwa katikati, na mkono wa kuzungushia. Nyaya mbili zilitoka nje, kila moja imefungwa kwenye kipande cha bomba la shaba cha kushika mkononi. Jino moja la gurudumu lake lilivunjika, kwa hiyo ilikuwa na sauti yake: krrr, tak. Krrr, tak. Watoto waliisikia kutoka uwanjani wakaja mbio.

Familia ilisimama duara. Baba alishika bomba moja, mtoto wa mwisho alishika jingine, na wengine wote katikati walishikana mikono. Ukizungusha polepole, mkondo wa umeme ulipita kwa baba, kwa mama, kwa kila mmoja, na wote wakasikia siafu wakitembea ndani ya mikono kwa wakati mmoja. Wazee walipiga kelele kuliko watoto. Mtu mmoja akiachia, umeme ulikatika kwa wote, na hapo ndipo tulipoeleza. Hatukuhitaji kueleza sana.

Kulikuwa na tatizo ambalo hakuna kitabu cha fizikia kilichonitayarisha kulikabili. Kwetu mwanaume hamshiki mama mkwe wake mkono. Jumapili ya kwanza niliyosimamia mimi, nilimpanga bwana mmoja wa Kirumba pembeni ya mama wa mke wake, nikawaambia, "Bon, shikaneni." Yule mama alitazama paa. Bwana alitazama viatu vyake. Frère akaja polepole, akamchukua mjukuu akamweka katikati yao, na umeme ukapita kwa mtoto bila kumvunjia mtu heshima. Tangu siku hiyo ilikuwa kawaida yetu: kati ya mkwe na mkwe anawekwa mtoto, na watoto waligombania nafasi hiyo.

Na kulikuwa na sheria moja, ambayo Frère hakuifanyia mchezo hata kidogo. Anayezungusha hatazami mashine. Anamtazama usoni yule aliye mdogo kuliko wote. Uso ukicheka, endelea. Uso ukibadilika, simama. "Mukono inaweza kudanganya wewe," aliniambia, "utaona sawa unazungusha pole pole, kumbe ni mbio. Uso ya mutoto haidanganye." Hakuniruhusu kuushika mkono wa mashine mpaka alipohakikisha nimeacha kabisa tabia ya kuangalia chini. Na mimi niliwafundisha hivyo hivyo wote walioomba kujaribu. Kumbukeni hilo.

Vita vya kwanza vilipita hapa kama mafuriko, askari wa zamani wakikimbia na wapya wakifuata nyuma yao. Waliokimbia walibeba meza, mabati ya choo na mizani. Kisha wakagundua kwamba nyoka wetu wamelala ndani ya alkoli. Waliinywa. Nilirudi nikakuta swila, nyoka wa kijani na chatu mdogo wametupwa sakafuni, wakavu, na chupa zote tupu zimepangwa vizuri ukutani, maana mlevi naye ana utaratibu wake. Frère alicheka mpaka akakohoa. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka. Aliugua kifua, dawa haikupatikana kwa sababu barabara zilifungwa, akafa kati ya vita na vita, na mimi nikabaki na funguo.

Mashine haikuguswa safari ile. Nilikuwa nimeificha chini ya maharagwe.

Vita vya pili vilipokuja havikupita, vilikaa. Tulipata wakubwa wapya, na kila mmoja alikuwa na bureau, muhuri na gari lisilo na namba. Mtaniuliza kwa nini niliendelea kufungua Jumapili. Kwa sababu watoto walikuja. Wazazi waliniambia kwamba hapa tu ndipo mtoto anasikia kishindo na baadaye mtu anamweleza kimetoka wapi. Nilivimba kichwa kwa maneno hayo, siwafichi.

Jumapili moja akaja commandant, mkuu wa askari wa hapa, na familia yake. Alikuwa mtu wa mbali, ametumwa huku, mrefu, msafi, mwenye sauti ya upole, mke wake amevaa vizuri na watoto wake wana adabu. Aliwaacha walinzi nje bila mimi kuomba. Familia yake ilisimama duara kama familia nyingine, nikazungusha, wakapiga kelele, na yeye alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mama, esengo, furaha kabisa!" akasema. "Mais fasiria mi. Courant inatoka wapi?"

Nikamfafanulia. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi.

"Na mutu akizungusha mbio?"

"Inakuwa kali."

"Na kama mikono iko na maji?"

"Inapita vizuri zaidi," nikasema, na nikawageukia watu nikawaambia wasikie, hilo ndilo swali.

Watu fulani hapa mjini wangependa nilijutie jibu hilo. Sijutii. Ni swali zuri, na jibu ni sahihi, na kesho mtoto akiniuliza nitamjibu vile vile. Siwezi kubeba mzigo wa mwingine kwa sababu tu yeye aliuweka chini akaondoka. Nasema hivi kwa hasira, ndiyo, na hasira hiyo sijaistaafu.

Kisha akaomba kuzungusha mwenyewe, na mimi nikamfundisha sheria. Hapana kutazama mashine, commandant. Tazama uso. Alimzungushia mtoto wake wa mwisho, macho ameyakaza usoni pake, taratibu kabisa, na uso wa mtoto ulipoanza kukunjamana akasimama papo hapo. Sijawahi kuwa na mtu aliyeishika haraka namna ile. Nilimwambia mbele ya mke wake kwamba angekuwa mwalimu mzuri.

Wiki haikuisha, vijana wake wakaja na gari kuchukua mashine. Hawakunipiga. Walisema commandant anasalimia, anaiomba kwa muda mfupi, ya kazi ya mawasiliano. Mimi nikaamini, maana ilitoka kwenye simu. Niliwafungia mashine ndani ya gunia mimi mwenyewe, nikawaomba wasiilaze kwa upande wa lile jino. Baadaye tukasikia amehamishiwa Beni na vitu vyake vyote.

Nilimfuata. Nilipanda juu ya lori la mafuta ya mawese, nikafika Beni nimegeuka vumbi, nikaelekezwa kwenye nyumba iliyokuwa ya mfanyabiashara mmoja aliyekimbia. Kijana wa barazani alinikaribisha kiti. Nilimwambia nimekuja kuchukua mali ya watoto. Aliingia ndani, akarudi.

"Mama, ile machine iko service, iko kazini," akasema. "Urudie siku ingine."

"Service gani?"

"Service," akasema, na akatazama pembeni.

Nilikaa, nikidhani huenda commandant mwenyewe atatoka. Jua lilikuwa limesimama juu, kuku wanachakura uani. Na kutoka chumba cha nyuma nikasikia: krrr, tak. Krrr, tak. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijiambia, ipo, haijaharibika. Kisha nikasikia kilichofuata. Halafu mashine ikazungushwa tena, haraka, mpaka ile tak ikawa haisikiki peke yake, na mtu aliyekuwa ndani hakuwa na sauti ya mtu tena.

Yule kijana aliniambia, "Mama, enda." Hakusema kwa ukali. Nilikwenda. Mwanamke mmoja mwenye mkoba angefanya nini pale, mniambie nyinyi mlio na akili. Nilirudi Butembo, nikafunga chumba cha sumaku, nikawaambia watoto mashine iko Beni inatengenezwa.

Watu walipotangaza kwamba vita vimekwisha, commandant alikuwa ameshaondoka. Nasikia alipanda cheo, ila vyeo sivyo ninavyoandika hapa. Mwalimu mmoja wa Beni aliikuta mashine kwenye nyumba ile, imeachwa chini ya dirisha, akaitambua maana aliwahi kuleta wanafunzi wake kwetu, akanirudishia. Mabomba ya shaba hayakuwepo. Badala yake kulikuwa na vibanio vya chuma. Nilivitoa siku hiyo hiyo, nikavitupa shimoni chooni, nikafunga mabomba mapya, nikapaka mafuta. Nilitaka iwe yetu tena. Kamati ya wazazi nayo ilitaka hivyo, kwa nguvu, na nani angewakatalia watu waliokaa miaka yote ile bila kucheka pamoja? Hakuna aliyejua nilichosikia Beni isipokuwa mimi.

Tulifungua tena Jumapili, chumba kimejaa mpaka madirishani. Familia ya kwanza ya duara ilikuwa ya Kambale. Sikumfahamu, nilijua tu kwamba ni mtu wa vipuri vya baiskeli, kwamba zamani alikuwa akivipeleka mpaka Beni, na kwamba alikuwa amekonda. Mke wake alimsukuma mbele akicheka. Mama mkwe wake alikuwepo, mwanamke mnene wa Lubero mwenye kilemba cha kanisani. Tulifanya kama desturi: kati ya Kambale na mama mkwe wake tukaweka binti mdogo, kila upande ameshika mkono wa mkubwa, anaringa. Huyo ulikuwa wewe, Masika. Bomba moja lilikuwa kwa mama yako, jingine kwa kaka yako.

Niliinua macho, nikamtafuta mdogo kuliko wote, nikaukuta uso wako. Nikazungusha. Krrr, tak.

Wewe ulikuwa unacheka. Uso wako haukuniambia chochote, na mimi sheria yangu ilikuwa kutazama uso wako. Sikuuona wa baba yako. Nilichoona ni wewe umebaki na mkono mmoja mtupu, unatazama kulia kwako. Baba yako alikuwa ameachia, ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono yake yote miwili ameificha kwapani. Alikuwa anasema kitu kimoja tu, polepole, kama mtu anayehojiwa: "Mi sijui. Mi sijui batu ba musituni. Mi sijui." Mbele ya mke wake, watoto wake na nusu ya parokia.

Hakuna aliyesogea. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akidhani ni mchezo, akanyamaza. Kisha yule mama mkwe alimzunguka mjukuu wake, akainama, akamvuta Kambale mikono kutoka kwapani, akaishika yote miwili ndani ya mikono yake, mbele ya watu wote.

"Simama, mutoto yangu," akasema. "Twende kwetu."

Akamtoa nje namna hiyo, amemshika. Sijapata kuona kitu kama hicho kabla wala baada, na hapa mjini hakuna aliyekizungumza, hata wale ambao mdomo wao haulali. Wewe ulidhani mchezo umekwisha, ukalia kwa sababu ulitaka tena. Ndicho unachokumbuka, nadhani: kwamba ulitaka tena.

Baada ya siku chache Kambale alikuja peke yake, asubuhi, wakati wa kufagia. Nilitaka kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono.

"Nionyeshe iko namna gani ndani," akasema.

Nikaifungua. Nikamwonyesha sumaku, waya, gurudumu na jino lililovunjika. Aligusa kila kitu, kimoja kimoja, kwa kidole. Nilimpa majina baadaye.

"Donc hakuna kintu ingine? Hakuna dawa ndani? Hakuna moteur?"

"Hakuna. Ni sumaku na waya. Nguvu inatoka kwa mkono wa anayezungusha."

Nadhani alikuwa amekuja akitumaini kwamba mashine yenyewe ina ubaya wake, na mimi na sayansi yangu nilikuwa nimemnyang'anya hata hilo. Halafu akasema, "Shika zile tuyau, mama. Mi nizungushe."

Nilishika mabomba yote mawili. Aliketi mbele yangu. Sikumfundisha sheria, sikumwambia neno. Alianza polepole, na siafu wale wa zamani wakapanda mikononi mwangu. Hakutazama mashine. Alinitazama mimi usoni. Akaongeza. Ikaanza kuchoma. Akaongeza tena, meno ameyauma, jasho linamtoka, na mikono yangu ikajifunga yenyewe juu ya shaba. Nilikuwa nimekusudia nisionyeshe kitu. Nilimsikia mtu wa Beni akilini, nikajiambia, walau hiki nitakivumilia. Sikuweza. Sijui uso wangu ulifanya nini.

Akasimama. Aliacha kuzungusha mara moja, kama mtu aliyefundishwa.

Alitazama mkono wake uliokuwa bado juu ya mashine, kisha akanitazama. "Nimeona uso yako, nimesimama," akasema. "Hata sikufikiri. Yeye naye, commandant wa Beni, alikuwa ananitazama vile vile, mama. Kwa uso. Hakutazama kando hata mara moja." Akauondoa mkono wake pole pole. "Mi nilikuwa nasema pengine haone. Kumbe alikuwa anaona."

Tulikaa pale mpaka kengele ya shule, kisha akanishukuru kwa Kinande, wasingya, akaenda kufungua duka.

Mashine nimeiweka kabati la tatu tangu siku hiyo. Kibandiko nimejaribu kuandika mara nyingi, na kila nilichoandika kilikuwa kweli kwa upande mmoja tu. Naipaka mafuta kila mwanzo wa mvua, mkono wake unazunguka, mabomba yamo ndani ya droo ya chini. Ufunguo nimekuachia wewe, Masika. Nilipomuuliza baba yako ungeufanyia nini, alifunga mnyororo aliokuwa anaushughulikia, akasema hajui, ila ukiamua kuizungusha, umwite, atakuja kusimama mahali ambapo utauona uso wake.